Kivimbe Chini ya Alama ya Moto

Mimi ni mkaguzi wa nyama. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesimama machinjioni Garissa kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, nimevaa gambuti na koti jeupe ambalo hubaki jeupe kwa dakika kumi tu. Sichinji wala sichuni. Kazi yangu ni kutafuta ugonjwa. Nashika ini nalibonyeza, nashika mapafu, kisha naufunua ule utando unaoshikilia matumbo. Humo mna tezi ndogo zilizojipanga kama shanga, nami nazipasua moja moja nione ndani. Ini linaweza kung'aa na mnyama akawa mgonjwa, lakini ugonjwa unaosafiri hupita kwenye tezi, na ukipita huacha alama. Nikiridhika napiga muhuri wa wino. Nisiporidhika, mwenye ngamia huniita majina ambayo sitayaandika hapa.

Nayatanguliza haya ili ieleweke kwamba nilipoambiwa nina saratani ya utumbo mpana, sikuwa mgeni wa matumbo. Nilikuwa nimeona damu chooni kwa miezi mingi nikasema ni bawasiri, na suruali ilipoanza kunishuka nikasema ni jua la Garissa. Mganga hajigangi. Mke wangu ndiye aliyechoka na hadithi zangu akanipeleka Nairobi, akakaa nje ya kila chumba nilichoingizwa hadi jina la ugonjwa likapatikana.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, mwenye miwani na mikono midogo. Alinichorea tumbo kwenye karatasi. Akasema hatanipasua kutoka juu hadi chini kama zamani. Atatoboa matundu manne madogo, apitishe kamera na vyombo vyembamba, akate kipande kibovu akiwa anatazama kwenye skrini, kisha akitoe kwa mkato mmoja mfupi chini ya kitovu, urefu wa kidole.

Nilimwambia, "Daktari, mimi nimeshika matumbo maisha yangu yote. Kitu hicho hakipiti hapo."

"Kinapita, Mzee. Utumbo ni laini. Tunauvuta taratibu ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki."

"Mfuko wa nini?"

Alinitazama kidogo, nadhani akipima kama nauliza kwa woga au kwa kutaka kujua. Nilikuwa na yote mawili. Akasema mfuko ni wa kuzuia kile kipande kisiguse kingo za mkato wakati kinatoka, kwa sababu mbegu ya ugonjwa ikibaki pale inaweza kuota pale pale. Ni mara chache sana, akasema, na hata waliopasuliwa kwa mkato mrefu huwapata. Wataalamu wameyalinganisha makundi hayo mawili kwa miaka, wakaona ugonjwa unarudi karibu sawasawa, mradi mkono wa daktari umezoea kazi.

"Kwa hiyo ukubwa wa tundu si neno," nikasema.

"Si neno. Cha maana ni ugonjwa umezama kiasi gani kwenye ukuta wa utumbo, na kama umefika kwenye tezi."

Aliposema tezi, nilikaa wima kitandani. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuugua, kulikuwa na mtu anayezungumza lugha yangu.

Upasuaji ukapita. Majibu ya maabara yalipotoka alikuja na simu yake, akanionyesha picha ya kipande alichonitoa, kimewekwa kwenye trei. Wengine nasikia hukataa kuangalia. Mimi niliikuza picha kwa vidole viwili nikaitazama mpaka mke wangu akageuza uso. Kazi ilikuwa safi, utando umekatwa vizuri, hakuna mahali palipochanika.

"Mmepasua tezi ngapi?" niliuliza.

"Maabara wamepata kumi na nane. Mbili zina ugonjwa." Kisha akachukua simu yake. "Mzee, kwani wewe unafanya kazi gani?"

Nilipomwambia, alicheka hadi akavua miwani kuipangusa. Nikaona nafasi yangu, nikamuuliza kama nyama imepita. Kicheko kikaisha. Akasema ameangalia kila mahali alipoweza kuangalia, na alichokiona amekitoa, lakini muhuri hawezi kupiga. Nitapewa dawa za dripu kwa miezi kadhaa, nitapimwa damu kila baada ya miezi mitatu, na nitapigwa picha za tumbo. Niliudhika sana. Nilikuwa nimesafiri umbali wote ule, nimekatwa utumbo, nami nilitaka neno moja tu, safi, kama ninavyowapa watu mimi kila asubuhi.

Niliporudi Garissa, wageni walikuja kunijulia hali kama ilivyo desturi, na kwetu mgonjwa aliyepasuliwa huonyesha alichopasuliwa. Nilikuwa nikifunua tumbo mara tano kwa siku. Na kila aliyeona alivunjika moyo. Adeer yangu mmoja, ndugu wa baba, aliyetoka Eldas juu ya lori la mbuzi, aliinama akatafuta kidonda kama mtu aliyeangusha sindano mchangani.

"Hii ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, Adeer."

"Ngamia hachinjwi kwa sindano," akasema, akaomba chai.

Habari zikaenda hadi vibandani sokoni kwa wauza mifugo. Huko walikata kauli kwamba tundu dogo ni dalili ya ugonjwa mdogo, na kwamba mimi nilikuwa nimejikuza bure. Nilikuwa nikiwakaripia, nikiwachorea matumbo kwenye vumbi kwa fimbo, nikiwaeleza habari za tezi. Lakini nitasema ukweli. Nikiwa peke yangu, nikiyatazama makovu yale madogo, nami nilikuwa nikiamini kidogo maneno ya vibandani. Nani angeamini kwamba kitu cha kumuua mtu kimetokea hapo?

Dawa za dripu zilinipitisha pabaya. Vidole viliungua kila nilipogusa kitu cha baridi, na katika Garissa ambako maji baridi ndiyo furaha ya mtu, nikawa nakunywa maji ya uvuguvugu kama mtoto mchanga. Zilipokwisha, ndipo Eedo alipofika.

Eedo ni dada wa baba yangu. Mama alipofariki nikiwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi, yeye ndiye aliyenilea, huko Hadado. Hajui Kiswahili zaidi ya salamu, kwa hiyo maneno yake ninayoyaandika hapa nimeyafasiri kutoka Kisomali, na yamepoteza makali yake njiani. Ni mwembamba, mrefu, na mkono wake unajulikana kuanzia Hadado hadi Griftu, kwa kuwa yeye ni mtu wa moto. Ngamia akivimba tezi ya shingo, huletwa kwa Eedo. Mtu akiwa na macho ya manjano, au mgongo usioachia, huletwa kwa Eedo. Ana chuma chake kimoja, chembamba kama kidole cha mwisho, anakitia kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, anagusa mahali anapopajua yeye, anasoma dua, na basi.

Alikuwa amechelewa kuja kwa sababu ya ukame. Mifugo ilikuwa imehamishwa mbali, na mtu hawezi kuacha ngamia wenye kiu kwa ajili ya mpwa wake aliye mjini penye mto. Alipofika alikataa kula kwanza. Akanilaza chali, akapapasa makovu yangu kwa kidole kimoja, akihesabu.

"Milango mitano," akasema. "Na hawakufunga hata mmoja."

"Wameshona, Eedo."

"Uzi. Uzi unafunga gunia."

Hapa ndipo pananiaibisha. Mimi ni mtu ambaye nimesimama mbele ya mikutano ya wafugaji nikiwaambia waache kuwachoma wanyama. Nimewaeleza kwamba moto unaharibu ngozi na kuleta vidonda, na kwamba hautibu. Nimepigiwa makofi. Na siku ile, mke wangu akiwa amesimama mlangoni akinitazama nimjibu Eedo kama mtu aliyesoma, nilisema, "Sawa." Nilikuwa nikizifikiria zile tezi mbili. Daktari alikuwa amekataa kunipa neno nililolitaka, na hapa palikuwa na mtu aliyenilea, mwenye uhakika wote duniani, anayesema mlango ufungwe. Mfa maji haachi kutapatapa. Mke wangu aliondoka mlangoni. Nilisikia akiosha sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Eedo aligusa mara tano. Sitaeleza maumivu, ila harufu niliitambua mara moja, kwa sababu ni ile ile ya ngozi ya ngamia siku ya kupigwa alama.

Vidonda vilipona, vikaacha duara tano zinazong'aa. Eedo akarudi Hadado. Nilipokwenda Nairobi kupimwa damu, kliniki ilikuwa imejaa, na daktari aliponiuliza kidonda kinaendeleaje nilisema, "Kidonda kizuri, Daktari, hakuna shida," nikiwa nimeshashika kofia yangu. Damu ilikuwa nzuri. Nilifurahi mno, nikanunulia watu chai njiani.

Kivimbe nilikigundua Ijumaa moja nikioga kwa ajili ya sala. Kilikuwa chini ya kitovu, kwenye ule mkato wa urefu wa kidole, chini ya duara ya moto. Kilikuwa na ukubwa wa kokwa ya tende. Hakikuuma.

Vidole vyangu vimeshika vivimbe vingi kuliko vidole vya daktari yeyote, ingawa wagonjwa wangu hawalalamiki. Vilijua kitu hata kabla kichwa hakijajua. Nilipoisukuma ngozi kushoto, ngozi ilikwenda, kivimbe kikabaki. Nilipoisukuma kulia, vivyo hivyo. Niliacha kusukuma, nikavaa kanzu, nikaenda msikitini, nikaswali bila kujua nimesoma nini.

Mke wangu alijua siku hiyo hiyo, kwa kuwa sikumaliza chakula. Wiki iliyofuata tulikuwa Nairobi. Daktari aliniambia nilale, akapandisha shati langu, akagusa duara moja.

"Hizi ni nini?"

Nilitazama dari. Nilikuwa nikitafuta jibu la mtu mzima.

"Ni moto," mke wangu akasema. "Shangazi yake alimchoma. Naye alikubali."

Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alibonyeza kile kivimbe, akanituma kupigwa picha, akachukua damu. Yote yalipokuwa tayari alituita. Kipimo cha ugonjwa kwenye damu kilikuwa hakijapanda. Picha ilionyesha kivimbe kidogo kwenye ukuta wa tumbo, lakini picha haisemi kitu ni nini. Ndani ya tumbo kwenyewe hakuona jambo.

"Kama si huu moto ningekata kipande leo," akasema. "Lakini mtu akichomwa huweza kuota nyama ngumu chini ya kovu, na ukisisitiza kukata kila kovu unaleta makovu mengine. Kwa hiyo tuna njia mbili. Tukate sasa tupime. Au tungoje wiki nane, nipige picha nyingine, tuone kama kimekua. Chagua, Mzee."

"Tungoje," nilisema, haraka kuliko mtu anayeokota pesa.

Ona jinsi mambo yalivyogeuka. Ule moto niliouficha kwa aibu ulikuwa sasa ndio wakili wangu. Nilikuwa tayari kuupenda. Na habari ya ngozi kuteleza juu ya kivimbe sikuitaja. Nilijiambia yeye ndiye daktari, amekishika mwenyewe, mimi ni nani. Mficha maradhi kifo humuumbua, tuliambiwa tangu utotoni, lakini methali ni rahisi kumwambia mwingine.

Nilirudi kazini. Siku tatu au nne nilikuwa mwepesi kabisa, nikitania wachunaji. Kisha asubuhi moja akaletwa ngamia jike mzee mwenye alama tatu za moto begani, za zamani, zinazong'aa kama zangu. Nilikuwa nimeona alama kama hizo mara elfu na sikuwahi kuzipa hata dakika moja, kwa sababu ngozi si kazi yangu. Siku ile nilisimama mbele yake.

Nilitaka kujua. Sina maelezo mengine. Kabla ya kuogopa, kabla ya kufikiria kivimbe changu, lilinijia swali la kazi tu: moto huu unaingia mpaka wapi?

Alipokwisha kuchinjwa nilimwambia mchunaji asiitoe ngozi ya bega. Nikachukua kisu changu, nikapasua katikati ya alama, nikashuka wima hadi kwenye nyama. Mwenye ngamia, mfanyabiashara wa Wajir mwenye sauti kubwa, akaja mbio. Pale machinjioni tunasema Kiswahili chetu, kwa sababu wachunaji wametoka kila upande.

"Mkaguzi, wewe nataka nini kwa hiyo moto? Hiyo ni ya samani. Ngosi yangu naharibika."

"Naangalia."

"Naangalia nini? Ugonjwa hakuna hapo."

"Najua hakuna. Ndiyo maana naangalia."

Alimgeukia mchunaji kutafuta shahidi kwamba mkaguzi amepata wazimu. Mimi nilikuwa nimeinama. Kovu lilikuwa jeupe, gumu kama ukucha, na lote lilikuwa ndani ya ngozi. Chini yake palikuwa na mafuta, ya kawaida, laini. Chini ya mafuta nyama nyekundu, haina hata uzi mweupe. Nilishika ngozi iliyo jirani nikaivuta, na kovu likaja pamoja nayo.

Nilipasua alama nyingine mbili. Kesho yake nikamtafuta ngamia mwingine mwenye moto, na keshokutwa wengine. Kwa wiki moja wachunaji walikuwa wakiniita, "Mkaguzi, njoo, mtu wako yuko hapa," kila alipoingia mnyama mwenye alama. Nilipasua wanane. Kwa wawili moto ulikuwa umevuka ngozi kidogo, ukagandisha mafuta. Lakini hata kwao, kilichoganda kilikuwa kimeshikana na ngozi, na ukiivuta ngozi kinakuja. Hakuna hata mmoja ambaye ngozi iliteleza juu.

Wa nane alikuwa Alhamisi. Nilinawa mikono, nikaingia katika chumba tunachowekea mihuri na wino, nikafunga mlango, nikafungua koti. Niliisukuma ngozi ya tumbo langu kushoto. Kivimbe kikabaki. Niliisukuma kulia. Kikabaki. Nilikaa juu ya debe la wino nikaogopa kwa dhati, bila maswali ya kazi, kama anavyoogopa mtu yeyote. Kisha nikapiga simu.

"Daktari, moto hauingii mpaka huko."

"Mzee? Moto upi?"

"Wangu. Kile kivimbe si cha moto."

"Umejuaje?"

"Nimepasua ngamia wanane."

Nilisikia mtu akiitwa jina upande wa pili, na yeye akimwambia angoje.

"Wewe si ngamia," akasema hatimaye, kwa upole. "Ngozi yao ni nene. Kwako moto unaweza kuzama zaidi."

"Nimelifikiria hilo. Lakini ukizama, utashikana na ngozi. Cha kwangu ngozi inateleza juu yake. Kiko chini, kwenye nyama."

"Hilo uliligundua lini?"

"Siku ya kwanza."

"Nami nilikibonyeza," akasema. "Nilibonyeza, nikaona kovu, nikalifuata kovu. Ungeniambia siku ile, Mzee." Kisha, bila hasira, "Njoo Jumatatu, usile asubuhi."

Aliukata mkato ule ule, akatoa kivimbe pamoja na nyama iliyokizunguka, na kovu la Eedo likaenda nacho. Majibu yalichukua siku kumi, na siku hizo mimi na mke wangu tulizungumza habari za rangi ya milango, na mvua, na kama mbuzi wa jirani ana mimba. Kilikuwa ni ugonjwa ule ule. Mbegu ilikuwa imebaki kwenye ukingo wa mkato, ikaota taratibu, mahali ambapo daktari alinieleza kabla hata hajanikata kwamba huota mara chache sana. Kingo za alichokata safari hii zilikuwa hazina kitu. Nikarudishwa kwenye dripu.

Nilimuuliza ilikuwaje, na mfuko ulikuwepo. Nilimuuliza kama ni tundu dogo, kama ni moto, kama ni zile tezi mbili. Niliuliza kama ninavyouliza machinjioni, nikitaka nionyeshwe mahali. Akasema moto haukuleta na haukuzuia. Akasema mkato mrefu pengine usingeniepusha na hilo. Zaidi ya hapo, akasema, hajui. Alilisema neno hilo akinitazama usoni, na nikagundua kwamba sikuudhika tena. Mimi nilikuwa sahihi kuhusu kivimbe, na sijawahi kusikitika hivyo kwa kuwa sahihi.

Eedo alikuja kabla dripu hazijaisha, safari hii bila kungoja mvua. Alifunua tumbo langu mwenyewe, akatafuta duara zake. Nne zilikuwepo. Penye ile ya tano palikuwa na mshono mpya.

"Huu nilikuwa nimeufunga," akasema.

Ningeweza kumficha. Mke wangu alikuwepo, akanitazama, nami nikajua nimeshaficha vya kutosha. Nilimweleza yote, habari ya mbegu iliyobaki, na kwamba ilikuwa imeshakaa pale kabla yeye hajapanda lori la kuja. Nilimweleza habari ya ngamia wanane. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, ile mikono inayojulikana hadi Griftu.

"Basi nilimfungia fisi zizini pamoja na mbuzi," akasema.

Ni mimi niliyelala chali nikasema sawa. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia aliyekubali mlango ufungwe ni mpwa wake, si yeye. Hakuonekana kunisikia. Alikuwa akiwaza, na Eedo akiwaza huwezi kumharakisha.

"Huyo msichana wa Nairobi," akasema. "Yeye anajuaje kama fisi yuko ndani au hayuko?"

"Anaangalia. Kila baada ya miezi mitatu."

"Na asipomwona?"

"Anasema hajamwona."

"Hasemi ameondoka?"

"Hasemi, Eedo. Nimemwomba sana. Hasemi."

Eedo aliitikia kwa kichwa polepole, kwa namna ambayo nilimwona akiitumia kwa watu wachache mno maishani mwangu, na wote walikuwa wachungaji wa ngamia. "Huyo amewahi kuchunga," akasema. Kisha akauliza safari ijayo ni lini, na kama basi linaondoka kabla ya sala ya alfajiri au baada yake.

Tangu hapo huja nami. Hukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mke wangu, fimbo yake katikati ya magoti, na daktari amezoea kumsalimia kwanza. Machinjioni bado nina muhuri wangu, ila mtu akiniuliza kama nyama ni safi, siku hizi namjibu nimeangalia, sijaona kitu, na wanunuzi wengine hununa. Mara ya mwisho tulipokwenda, daktari alibonyeza tumbo langu kwa muda mrefu, akaisukuma ngozi kushoto na kulia, akasoma karatasi za damu, kisha akasema maneno yake yale yale. Eedo akanivuta mkono wa kanzu nimfasirie. Nilimwambia, ameangalia, hajaona. Akataka nirudie, nikarudia.